Mnyama wa Maziwa

Mkuu wetu wa shule alipotuambia tukumbatie mabadiliko, mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Mtu huitikia kwa kichwa kwa sababu nyingi. Mimi, kwa mfano, nilikuwa nasinzia.

Kikao kilikuwa katika chumba cha walimu. Maboksi ya vishikwambi yalikuwa yamepangwa juu ya meza ya chai, kwa hiyo badiliko la kwanza tulilolikumbatia lilikuwa kukosa chai. Mkuu alisimama kando ya maboksi hayo akiyapapasa kama mtu anayenunua godoro. Zamani alikuwa mtu wa maneno ya kawaida: chaki, viatu vya watoto, paa la Darasa la Sita linalovuja. Tangu arudi kutoka semina, neno lake likawa moja tu, mfumo. Mfumo utasahihisha. Mfumo utajumlisha. Mfumo utajua nani kachelewa na nani kajifanya mgonjwa. Mwalimu wa Darasa la Sita akauliza kama mfumo utaziba na paa, akaambiwa aache fikra hasi. Kabla kikao hakijaisha tulikuwa tumeshambandika jina, Bwana Mfumo, na likamkaa.

“Na sasa,” akasema, “namkaribisha mkufunzi wetu kutoka kampuni iliyotuletea mfumo.”

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkwe wangu.

Nilijua ameajiriwa na kampuni ya vifaa vya shule, tena kwa majaribio. Sikujua kampuni yenyewe inapenda utani. Huyu ni mke wa mwanangu wa pekee. Wanakaa vyumba vya uani nyumbani kwangu, jiko ni letu sote, na humo jikoni tumepigana vita visivyo na kelele tangu harusi, kisa vifuniko vya sufuria. Yeye huvitundika ukutani vipendeze. Mimi huvirudisha juu ya sufuria, kwa sababu kazi ya kifuniko ni kufunika. Asubuhi ile alikuwa ameniamkia shikamoo kwa heshima zote na kuniuliza kama nimelala salama. Sasa alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona nikipiga mswaki.

“Habari zenu, walimu,” akasema. “Msiogope. Ni rahisi sana, hata mtoto mdogo anaweza.”

Mtoto mdogo nimemfundisha maisha yangu yote na najua anachoweza. Anaweza kumeza kifungo cha shati.

Tulianza na nywila. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na neno hilo nalijua, ila wenzangu kadhaa walijishika vichwa wakidhani wanasemwa nywele zao. “Ni neno la siri,” mkwe akaeleza. “Chagua neno ambalo hutalisahau, na ambalo mtu mwingine hawezi kulikisia.” Nikaandika vifuniko. Alipita nyuma yangu, akaliona, akaendelea na safari yake. Jioni ile nilikuta kila sufuria imevaa kifuniko chake, nikaanza kuamini kwamba teknolojia ina faida.

Na faida zilikuwepo, sitaki kusema uongo. Katika Darasa langu la Tano kulikuwa na mtoto wa mstari wa nyuma ambaye nilikuwa nimeshamfungia faili kichwani mwangu: mvivu, hanakili kazi ya ubaoni, anachora pembeni mwa daftari. Mkwe wangu akapita, akagusa kishikwambi chake mahali fulani, herufi zikawa kubwa kama viatu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kupumzika. Kumbe alikuwa haoni vizuri, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa namfokea. Nilimshukuru mkwe wangu kwa sauti ndogo, ile inayotoka mtu anapotumai haitasikika. Akaisikia.

Basi tungeishi kwa amani na mashine hizo, kama Bwana Mfumo asingekuja na jambo lake la pili. Mwisho wa mwezi angekuja Mgeni Rasmi kutoka ofisi ya elimu kujionea maendeleo. Mfumo ungepanga madarasa yote kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho. Na mwalimu ambaye darasa lake lingeshika mkia angepumzishwa kufundisha, akabidhiwe ufunguo wa stoo ya vitabu.

“Si adhabu,” akasema Mkuu. “Ni kumpa nafasi ya kutafakari.”

Stoo yetu haina dirisha. Ina mlango, ina panya, na ina vitabu ambavyo panya hao wamevisoma kuliko wanafunzi. Niseme wazi: niliiogopa stoo ile. Mimi bila Darasa la Tano sijui ningefanya nini na mdomo wangu. Watoto wa umri ule wana akili za kutosha kubishana nawe na hawajajua bado kunyamaza kwa adabu. Wamenipa jina, Bi Kiambishi, wanadhani silijui. Nalijua na nalipenda. Kuwakosa hao nikakae na panya ni jambo ambalo lilinikosesha hamu ya kula.

Wiki iliyofuata tukafanya imla ya kwanza kwenye vishikwambi. Mashine inasoma sentensi kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, mtoto anaandika, neno sahihi linakuwa kijani na neno bovu linakuwa jekundu. Darasa la Tano ndilo linalokaziwa ng', ile sauti yenye alama inayoning'inia juu, ritifaa. Kwa hiyo imla yetu ilikuwa imejaa vitu vya aina hiyo. King'ora kimelia ng'ambo. Mwizi amenyang'anya. Mkulima anang'oa. Madarasa mengine yalikuwa na vitu vyepesi, paka amelala, baba analima.

Nilikuwa nimewafundisha ng' hadi walikuwa wakiiota. Nikakunja mikono nikasubiri kijani. Vishikwambi vikawa vyekundu darasa zima, utadhani tumechinja humo ndani.

Mkuu akaniita ofisini.

“Mwalimu, mfumo unaonyesha watoto wako hawajui kuandika ng'ombe.”

“Wanajua.”

“Mfumo unasema hawajui.”

Nikamwekea kishikwambi mezani. “Mkuu, hebu soma mwenyewe. Hapa pameandikwa nini?”

“Ng'ombe.”

“Pamekosewa wapi?”

Akainama. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Nilimwonea huruma kidogo, maana alikuwa mwalimu mzuri wa hesabu kabla hajapelekwa semina.

“Mimi si mtaalamu,” akasema mwishowe. “Mtaalamu ni mfumo.”

Nikamwendea mtaalamu wa mfumo, aliyekuwa akichaji vishikwambi vyake maktaba. Pale shuleni hakuniita mama, nami sikumwita mwanangu.

“Mwalimu, mfumo haukosei,” akasema. “Unafuata ulichofundishwa. Labda watoto wanaacha nafasi kati ya herufi.”

Tukajaribu bila nafasi. Tukajaribu kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa kuandika polepole, kwa kuzima na kuwasha. Kuzima na kuwasha ndiyo dawa yao ya kila kitu, kama sisi zamani na maji ya chumvi. Nyekundu. Mkwe wangu akaandika mwenyewe ng'ombe kwenye kishikwambi kimoja, ikawa nyekundu, akakunja uso, akasema labda kidole chake kimeteleza. Darasa la Tano likawa la mwisho shule nzima, nyuma hata ya Darasa la Kwanza, ambalo nusu yao bado wana kalamu mdomoni.

Watoto lakini si wajinga. Watu wazima wakikosa mlango husimama na kuulalamikia ukuta, mtoto hupitia dirishani. Haikuchukua muda nikaanza kuona mambo katika insha zao, maana na insha nazo zilisahihishwa na mashine ile ile, kwa maneno yale yale. Hakuna aliyeng'oa tena jino; jino lilitolewa kwa nguvu. Nyota hazikung'aa, ziliwaka. Wanyang'anyi wakawa watu wanaochukua vitu bila ruhusa. Watoto wangu hawakuweza hata kunung'unika kwa maandishi, wakawa wanasema kwa hasira kidogo. Na ng'ombe, mnyama ambaye kila mtoto wa darasa lile alimfahamu, akatoweka kabisa. Mahali pake akaja kiumbe mpya.

“Babu yangu ana mnyama wa maziwa,” aliandika msichana wa mstari wa mbele. “Mnyama wa maziwa wa babu ana pembe mbili na ndama mmoja wa maziwa.”

Kijani. Kijani tupu tangu juu hadi chini. Mkuu alinisimamisha kwenye korido kunipongeza kwa insha, akasema mfumo umeona maendeleo.

Msichana huyo wenzake walimwita Kamusi. Alikuwa na tabia ya kusoma kila chenye maandishi, hata karatasi ya sabuni, na neno akilijua hakubali lionewe. Mwaka mzima alinibishia. Siku moja aliniambia mbele ya darasa kwamba nimekosea wingi wa neno, na kweli nilikuwa nimekosea, na nilifurahi siku ile kuliko siku ya mshahara. Sasa nilimwita mezani kwangu.

“Kwa nini hukuandika ng'ombe?”

“Siwezi kuliandika, mwalimu.”

“Muhula uliopita uliliandika ubaoni mbele ya wote.”

“Nilidhani naliweza,” akasema, akiangalia viatu vyake.

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakubisha. Nilimruhusu arudi kukaa, nikageukia ubao nikajifanya nafuta, na ubao haukuwa na kitu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba kama mfumo ungekuwa na masikio ningeuvuta.

Jioni moja nilikuwa jikoni nachambua maharage. Mkwe wangu akaja akasimama mlangoni. Hakuangalia sufuria, hakuangalia vifuniko. Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini, na nilivyomwona nikajua mguu umevunjika.

“Mama,” akasema.

“Karibu, mkufunzi.”

“Mama, kosa nimeliona. Ni langu.”

Nikasogeza sinia, akaketi. Akatoa kishikwambi akanionyesha. Siku ile alikuwa akimkuzia tena herufi yule mtoto wa nyuma, na kwa kukuzwa vile akaona kitu ambacho macho yetu sote hayakuweza kukiona. Ritifaa ya mtoto ilikuwa imenyooka kama msumari. Ritifaa ya jibu sahihi, lile ambalo mashine inalinganisha nalo, ilikuwa imepinda mkia kama mbegu ya korosho. Yeye mwenyewe ndiye aliyechapa majibu yote ya Kiswahili, hapa hapa nyumbani, kwenye kompyuta yake, na kompyuta yake ina kiherehere cha kuipinda alama ile bila kuulizwa. Kishikwambi hakiipindi.

“Kwa mtu ni alama moja,” akasema. “Kwa mashine ni mbili tofauti, kama a na b.”

“Basi rekebisha.”

“Siwezi. Majibu yamefungwa, wanaoyafungua ni makao makuu. Na wakiyafungua watauliza nani aliyachapa. Majaribio yangu yanaisha wiki ile ile ya Mgeni Rasmi, mama. Hawatanibakiza.”

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Mfumo haukosei, mwalimu! Labda watoto wanaacha nafasi! Nilikuwa na maneno mengi matamu ya kumrudishia, yamejipanga mdomoni kila moja likisubiri zamu yake. Kisha nikakumbuka ni huyu huyu aliyekaa nami hospitalini mwanangu alipokuwa safarini, akanilisha uji huku nikimlaumu hauna sukari. Maneno nikayameza.

“Kesho nitamwambia Mkuu,” akasema.

Mtu mwema angemwambia, mwambie mwanangu, Mungu yupo. Mimi nikamuuliza, “Hakuna njia nyingine?”

Akakishika tena kishikwambi. Njia ilikuwepo. Ukibonyeza alama ile na kuishikilia bila kuondoa kidole, kishikwambi kinafungua kijidirisha chenye alama ndugu zake, na miongoni mwao yumo huyo mwenye mkia uliopinda. Ukimchagua, mashine inaridhika. Watoto wa Tano wakijua hivyo watapata kijani. Mashine haitaaibika, yeye atabaki na kazi, mimi nitabaki na darasa, na makao makuu watabaki na usingizi wao.

Hapo ndipo nilipoyakumbatia mabadiliko. Niliyakumbatia hadi yakakosa pumzi.

Kesho yake niliingia darasani nikiwa msomi wa kisasa. “Watoto,” nikasema, “zamani ritifaa iliandikwa imenyooka. Siku hizi inapindwa mkia. Lugha inakua, nasi tukue nayo.” Nikawaonyesha kidole kinavyobonyeza na kusubiri. Sikujua kwamba ninaweza kudanganya kwa ufasaha kiasi kile, tena kwa lafudhi ya semina.

Kamusi akanyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

“Kwa hiyo ile ya mwanzo ilikuwa kosa, mwalimu?”

“Ilikuwa ya zamani,” nikasema.

Hilo ni jibu la mwalimu asiyetaka kujibu. Alilichukua akaliweka mahali panapostahili jibu la kweli, maana mimi sikuwa nimewahi kumpa la uongo.

Imla iliyofuata, Darasa la Tano lilikuwa la kijani kama bustani ya hoteli. Tulipanda kutoka mkiani hadi kileleni. Bwana Mfumo alibandika matokeo kwenye mlango wa ofisi na kuniita mfano wa kuigwa, akanipa cheti chenye picha ya ubongo unaotoa mwanga. Mkia ukahamia Darasa la Sita, kwa yule mwalimu wa paa. Nikajiambia yeye bado kijana, stoo itamkomaza, na angalau humo paa halivuji. Jikoni nyumbani palikuwa na upendo usio wa kawaida. Mkwe wangu alinipikia, mimi nikamsifia, na mwanangu alitutazama kwa wasiwasi kama mtu anayesikia nyumba imetulia mno.

Siku ikafika. Mgeni Rasmi alikuwa mtu mnene mpole, mwenye suti na kikohozi, na aliletwa moja kwa moja Darasa la Tano, darasa la mfano. Mkuu alikuwa pembeni yake akimfungulia hata milango iliyokuwa wazi. Mkwe wangu alisimama kwenye kona karibu na dirisha, mikono nyuma.

Wakamchagua Kamusi aandike mbele ya wageni. Mashine ikasoma kwa sauti yake isiyo na haraka: ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini. Kamusi akaandika, akabonyeza, akasubiri, akaupinda mkia. Kijani. Kishikwambi kikapiga makofi chenyewe, na wageni, wasije wakazidiwa adabu na kishikwambi, wakapiga na wao.

“Vizuri sana,” akasema Mgeni Rasmi. “Hebu tuambie, binti, mfumo huu umekusaidia nini?”

Nilimfundisha mtoto huyu kujibu kwa sentensi kamili. Akajibu kwa sentensi kamili.

“Umenisaidia kujua kwamba tulikuwa tunakosea. Tulikuwa tunaandika ng'ombe vibaya tangu darasa la kwanza. Hata baba yangu alikuwa anakosea. Baba ana bucha, na juu ya mlango kulikuwa na bango alilochora kwa mkono wake, limeandikwa Nyama ya Ng'ombe, na mkia wa ritifaa umenyooka. Nilimwambia ni kosa, watu watamcheka. Akasema yeye hakusoma sana, mimi ndiye msomi. Akapanda ngazi akaliteremsha.”

Wageni wakapiga makofi zaidi ya mwanzo. Mgeni Rasmi akasema hilo ndilo tunalolitaka, elimu itoke shuleni ifike majumbani. Mkuu alikuwa akitabasamu kwa meno yote. Mimi nilimwona yule baba juu ya ngazi. Nilikuwa nanunua kwake, namjua, ana mikono mikubwa na sauti ya chini, na bango lile alikuwa amelichora yeye mwenyewe siku aliyofungua bucha, herufi zake zikiegemeana. Halikuwa na kosa hata moja.

Nikasimama. Sikuwa nimeamua kusimama, miguu iliamua.

“Baba yako hakukosea,” nikasema. “Na wewe hukukosea. Ritifaa iliyonyooka ni sahihi. Iliyopinda ni sahihi. Mashine ndiyo iliyofundishwa moja tu.”

Makofi yakafa. Mkuu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayesikia bomba limepasuka ndani ya ukuta.

“Mwalimu wetu anapenda utani,” akamwambia mgeni.

“Sitanii.”

“Mashine ilifundishwa na nani?” akauliza Mgeni Rasmi.

Nilikuwa nalijua jibu na sikulitamka.

“Ni mimi,” akasema mkwe wangu kutoka kwenye kona yake. “Mimi ndiye niliyechapa majibu. Mwalimu alitaka kunisitiri, ni mama mkwe wangu.”

Mgeni Rasmi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akakohoa. Nadhani alikuja amejiandaa kwa hotuba, hakujiandaa kwa familia. Akasema jambo hili litaundiwa kamati, na kamati ni godoro ambalo kila mtu anaweza kuangukia bila kuumia. Wakaenda kunywa chai. Ilirudi mezani siku ile kwa heshima ya mgeni.

Kilichofuata hakikuwa kikubwa kama tulivyokiogopa. Kampuni haikumfukuza mkwe wangu. Ilimwongezea muda wa majaribio, ambayo ni lugha ya kampuni ya kusema hatuna mwingine anayejua Kiswahili. Makao makuu wakafungua majibu, wakaongeza ritifaa iliyonyooka kando ya iliyopinda, na kazi nzima ilichukua muda wa birika kuchemka. Upangaji wa madarasa ukasimamishwa hadi kamati ikutane. Haijakutana. Mwalimu wa Sita bado yuko chini ya paa lake, panya wako stoo peke yao, na Darasa la Tano ni langu kama zamani. Nilichokuwa nakipigania nimekipata chote.

Nilikwenda bucha siku ya pili. Baba yake Kamusi alinikaribisha kwa heshima, akafuta mikono kwenye aproni kabla ya kunisalimia. Nikamweleza yote, ritifaa, mashine, mkia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Juu ya mlango palikuwa na bango jipya, herufi kubwa nyekundu, neno moja tu: NYAMA.

“Nashukuru mwalimu kwa kuja,” akasema. “Lakini hili linatosha. Nisije nikakosea tena.”

“Hukukosea, baba.”

“Sawa, mwalimu,” akasema, kwa namna mtu anavyosema sawa ili usiendelee kumsumbua.

Kamusi alinisubiri kwenye korido asubuhi iliyofuata, begi mgongoni. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa awe nayo.

“Mwalimu, ulijua lini?”

“Kabla sijawafundisha kuupinda.”

“Kabla baba hajateremsha bango?”

“Kabla.”

Akaitikia kwa kichwa, akaingia darasani, akakaa mahali pake.

Anaandika ng'ombe sasa, bila hofu, na mkia wowote autakao. Alama zake ni za juu. Habishani nami tena. Nikiwafundisha neno jipya, yeye huniambia asante mwalimu, tena kwa adabu nzuri kabisa, kisha huinamisha kichwa, huwasha kishikwambi, na kulitafuta humo kuona kama ni kweli.